Nta Kwenye Kopo la Tisa

Siku ya tatu ya upelelezi katika studio ya filamu ilimkuta Kapteni Octavian Zbârcea amechoka kuliko kawaida yake, na kawaida yake tayari ilikuwa ni kuchoka. Goti la kushoto lilikuwa likimuuma tangu alipoteremka kwenye garimoshi. Nje, mvua ya Novemba ilinyesha bila haraka, kama mvua inayojua kwamba ina majira mazima mbele yake.

Mezani kulikuwa na kopo la bati, la duara na bapa, lenye namba tisa iliyoandikwa kwa rangi nyekundu. Ndani yake palipaswa kuwa na mkanda mama wa sehemu ya tisa ya filamu iitwayo *Kivuko Baridi*: dakika kumi za askari wakivuka mto Jiu mwaka wa arobaini na nne. Mkanda mama ndio unaozaa nakala zote. Ukipotea huo, hakuna filamu tena, na wakubwa wa kamati ya kuidhinisha filamu walikuwa wamekwisha tangaza kwamba wanakuja kuitazama wiki ijayo. Mkanda haukuwemo. Ndani ya kopo mlikuwa na nta ya manjano tu, iliyovingirishwa ikajilaza bapa kama kata ya kutwikia mtungi.

Upande wa pili wa meza alikaa Zamfira Drăgulin, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mfupi, vidole vimechubuka kwa gundi na wembe. Kazi yake ilikuwa kukata na kuunga mikanda. Ni yeye aliyefungua kopo Jumanne asubuhi akapiga kelele. Nakala yake ya kazi, ile ya kujaribia kukata, ya sehemu hiyohiyo nayo ilikuwa imetoweka kabatini mwake.

"Ndugu Zamfira," alisema Kapteni, "leo Alhamisi. Kanali amepiga simu mara mbili. Saa kumi na moja jioni gari linakuja kukuchukua, na wakishakuchukua, mimi si mwenye kesi tena. Unanielewa?"

"Naelewa."

"Ufunguo wa kabati unao wewe. Ghala la mikanda mama unaingia utakavyo. Sasa nisaidie. Nani mwingine alijua kwamba mto umo kwenye kopo la tisa?"

Zamfira alitazama mikono yake. "Sikumbuki."

"Hukumbuki, au hutaki?"

"Andika sikumbuki."

Kapteni aliandika. Alikuwa amehoji watu miaka ishirini na mbili, na alimtambua mtu anayejificha nyuma ya kimya kwa kujiogopea, na yule anayekifanya kimya kuwa ukuta wa kumkinga mwenzake. Huyu alikuwa wa aina ya pili, na watu wa aina hiyo ndio waliomchosha zaidi, kwa sababu hata kuwakasirikia huwezi.

Alipoachwa peke yake alilivuta kopo karibu. Mtaalamu wa maabara kutoka Bukaresti, mtoto wa mjini aliyevaa viatu vya ngozi ya kung'aa, alikuwa ameandika kwenye ripoti: "Nta ya nyuki, gramu mia tatu, iliwekwa na mwizi kufidia uzito wa mkanda." Kapteni alikuwa ameisaini ripoti ile Jumanne bila kuitazama nta sawasawa. Sasa aliitazama, akajisikia aibu. Katikati ya nta ulipita utambi.

Aliisogeza karibu na jiko la kuni, akangoja ilegee, akaanza kuikunjua taratibu. Mama yake aliwahi kusokota mshumaa kama ule jikoni kwao Gorj, kamasi zinamtoka, siku baba alipolazwa maiti juu ya meza akiwa amevikwa koti la harusi. Utambi hupimwa kwa mwili wa marehemu, kuanzia utosini hadi nyayoni, wala hauongezwi wala haupunguzwi. Kisha unapakwa nta, unavingirishwa, unawekwa kifuani mwake na kuwashwa, ili asiende gizani. Kufa bila mshumaa, kwa watu wa kule, ni balaa kubwa kuliko kufa kwenyewe.

Mwizi hakufidia uzito wowote. Yule mtoto wa viatu vya kung'aa angejuaje?

Kapteni aliulaza mshumaa sakafuni, akaazima utepe wa fundi cherehani kutoka stoo ya mavazi. Mita moja na sentimita sabini na nane. Alipima tena, maana goti lilimfanya apige magoti vibaya. Sabini na nane ileile.

Stoo ya mavazi ilikuwa na orodha nyingine iliyomfaa. Askari wa kwenye filamu walikuwa wanakijiji waliookotwa huko Oltenia, upande wa kwao Gorj, na ili kila mmoja apate sare ya kumtosha, urefu wao uliandikwa. Majina mia moja na sita. Kapteni alipitisha penseli jina kwa jina huku akitafuna mkate na jibini. Wenye sabini na nane walikuwa wawili. Mmoja alikuwa amerudisha sare na kusaini. Wa pili aliitwa Ilarie Gâdea, umri miaka ishirini na sita, wa kijiji cha Bârzeni. Mbele ya jina lake palisomeka: "Aliacha kazi kwa hiari tarehe 11 Septemba. Sare haikurudishwa." Chini yake kulikuwa na sahihi ya mkuu wa uzalishaji, Ndugu Valeriu Hagiescu.

Tukio la mto lilipigwa picha tarehe 12 Septemba, mwaka jana.

Lile jina la ukoo alikuwa ameliona mahali. Alirudi kwenye daftari la wafanyakazi aliowahoji Jumanne, wale wa dakika mbilimbili. Paraschiva Gâdea, mfagiaji, ameajiriwa tangu Machi.

Alimkuta kwenye ushoroba wa ghala, kikongwe aliyefunga kitambaa cheusi hadi kwenye nyusi, anakamua tambara.

"Mama, kaa kidogo."

"Nikikaa sinyanyuki, bwana kapteni."

"Sema ndugu kapteni. Mabwana walikwisha."

"Kwenu mjini walikwisha," alisema Paraschiva, akaendelea kukamua.

Kapteni alikaa yeye, juu ya sanduku, akanyoosha mguu. "Ilarie alikuwa na urefu wa mita moja na sabini na nane. Utambi uliupimaje bila mwili?"

Tambara lilianguka ndooni. Kikongwe hakulia wala hakutafuta uongo. Alijifuta mikono kwenye aproni, akakaa.

"Kwa mwimo wa mlango," alisema. "Tulimwekea alama kabla hajaenda jeshini. Baba yake alichonga kwa kisu."

"Na ni nani aliyekwambia kwamba amekufa?"

"Wenzake waliorudi. Waliniambia hivi: wameingia mtoni mia moja na sita, wametoka mia moja na watano. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akanionyesha karatasi. Mwanao ameacha kazi, amekimbia na sare ya serikali, akionekana akamatwe. Nikaenda kwa padri. Padri akasema, 'Mama Paraschiva, serikali inasema yu hai, mimi nikimtaja kati ya wafu watanifunga.' Sasa mwanangu yuko wapi, bwana kapteni? Huku hayumo, kule hayumo. Mwaka na miezi miwili. Hakuna aliyemwimbia, hakuna aliyemwashia hata kijiti."

"Ndiyo maana ukaja kufagia hapa."

"Nilikuja kumtafuta. Yule binti Zamfira akaniona nalia ngazini, akaniuliza, nikamwambia. Akaniambia mto umo kwenye kopo la tisa. Usimtie matatani, ana roho nzuri, hana mtu."

"Mama, yuko matatani tayari. Saa kumi na moja wanamchukua. Nipe ule mkanda."

Paraschiva alimtazama kama mtu aliyeambiwa atoe kitu asichowahi kukiona. "Mkanda upi?"

"Uliotoa ukaweka mshumaa."

"Mimi nitoe?" Sauti ilimpanda kwa mara ya kwanza. "Nimtoe mwanangu humo nimpeleke wapi? Humo ndimo alimo! Jumamosi niliingia kufagia, Tănase mtunza ghala alikuwa mlangoni anakula vitunguu vyake. Nikafungua, nikamlazia mshumaa juu, kama inavyotakiwa. Sikuuwasha. Zamfira alikwisha niambia vitu hivi vinashika moto haraka. Nikasema heri awe nao bila moto kuliko kutokuwa nao kabisa. Nikafunga, nikajipiga msalaba, nikamaliza kufagia. Zamfira hakujua lolote la mshumaa, naapa kwa macho yangu."

Kapteni aliamini, na kuamini kwake kulimrudisha mwanzo. Asubuhi nzima alikuwa amemfuata mwenye mshumaa akidhani anamfuata mwizi. Kumbe walikuwa watu wawili. Lakini neno la mama wa marehemu halitamzuia Kanali.

Saa yake ilionyesha saa nane na nusu alipofika kwa Tănase Ciortan, mtunza ghala, mzee aliyevaa kofia ya manyoya hata ndani ya nyumba. Kila Jumatatu asubuhi Tănase aliyapima makopo yote kwenye mizani, kwa kuwa mkanda ukianza kuharibika hupungua uzito. Alikuwa akijivunia daftari lake.

"Kopo la tisa," alisema Kapteni. "Nisomee."

Tănase alilamba kidole. "Tangu Oktoba, kilo mbili na gramu mia sita. Kila wiki. Jumatatu hii, kilo mbili na mia tisa."

"Limeongezeka gramu mia tatu."

"Limeongezeka."

"Na hukulifungua?"

"Maagizo yanasema, uzito ukipungua toa taarifa." Mzee alimfunulia ukurasa wa maagizo, uliobandikwa kwenye jalada kwa gundi. "Haukupungua. Wa kuongezeka hawakuniandikia kitu, nami sina tabia ya kujitungia maagizo."

Kapteni aliona afadhali asimkemee, kwani ujinga ule ulikuwa umempa kitu bora kuliko werevu wa watu wote wa jengo lile. Jumatatu asubuhi mkanda na mshumaa vilikuwa pamoja koponi. Jumanne asubuhi ulibaki mshumaa. Mwizi alikuja baadaye, akakuta vyote viwili.

"Jumatatu, baada ya kupima, nani aliingia ghalani?"

"Daftari la kuingia halina mtu."

"Sikuuliza daftari, mzee. Nimekuuliza wewe."

Tănase alivua kofia, akaivaa tena. "Wakubwa hawasaini, ndugu kapteni. Hata mtangulizi wangu hakuwasainisha."

"Mkubwa gani?"

"Yule mwenye funguo zote," alisema Tănase, akageuka kupanga makopo yaliyokuwa yamepangika tayari.

Ofisi ya Valeriu Hagiescu ilikuwa ghorofa ya pili, na Kapteni alizihesabu ngazi zote kwa goti lake. Mkuu wa uzalishaji alikuwa mtu wa miaka hamsini, uso mpana, macho ya mtu asiyelala. Mwongozaji wa filamu alikuwa amelazwa kwa vidonda vya tumbo tangu kiangazi, kwa hiyo mzigo wote wa *Kivuko Baridi* ulikuwa mabegani mwake.

"Mmemkamata?" aliuliza Hagiescu, huku akimmiminia kahawa.

"Saa kumi na moja. Natimiza tu taratibu." Kapteni alikoroga kahawa. "Umejuana naye muda mrefu?"

"Miaka kumi na miwili. Mikono ya dhahabu. Inasikitisha." Na kweli alionekana kusikitika.

"Kwa nini afanye hivyo, unadhani?"

"Mimi nijue mambo ya wanawake? Labda kuna mtu ng'ambo anautaka."

"Inawezekana. Alikuwa makini, lakini. Alitoa mkanda, badala yake akaweka nta, mzigo ulingane."

Hagiescu alipiga meza kwa kiganja. Hasira ilikuwa ya kweli, hasira ya mtu wa kazi. "Makini gani! Mtu mwenye akili anaweka nta juu ya mkanda mama? Ingelegea kidogo tu kwa joto la bomba la kupashia ghala moto, dakika kumi nzima zingekuwa takataka! Mpaka nilipo..."

Kijiko cha Kapteni kilikuwa kimesimama.

"Mimi nimesema badala ya mkanda," alisema Kapteni polepole. "Juu ya mkanda umesema wewe. Hata mimi nimelijua hilo baada ya saa nane leo."

Hagiescu alitazama simu, kisha mlango, kisha kahawa yake. Kapteni hakumharakisha. Hakusikia ushindi wowote. Alichotaka wakati ule ni kuvua viatu.

"Nilifungua ili nikate pale yule kijana anapozama," alisema Hagiescu mwishowe. "Sekunde nne tu, kabla kamati haijaja. Mtu akiangalia vizuri anaona haibuki tena. Nafungua kopo, nakuta kile kitu. Nikajua kuna mtu anajua, na kukata sekunde nne hakutoshi tena."

"Na ukatoa mkanda ukakiacha. Kwa nini? Ungekichukua na chenyewe, leo nisingekuwa ofisini kwako. Tungemfunga Zamfira na maisha yangeendelea."

Mkuu wa uzalishaji, mwanachama wa chama kwa miaka kumi na saba, mtoa mihadhara ya kupinga ushirikina katika vilabu vya vijana, alimkodolea macho kama vile amependekezewa ale kinyesi.

"Mshumaa wa maiti? Niuguse mimi?"

"Hapana," alikubali Kapteni. "Hata mimi nimeugusa kwa sababu ya kazi. Siku ile ilikuwaje?"

"Mashua ya uokoaji ilikuwa ifike saa nne. Mwanga ulikuwa mzuri saa tatu." Hagiescu alizungumza akiitazama mvua. "Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, sijapata kuona kitu kama kile maishani. Nikasema ingieni. Ni mimi niliyesema, siyo mwongozaji. Tulimtafuta siku mbili. Halafu nikaandika ile karatasi. Filamu ingefungwa, kapteni, watu mia mbili wangerudi nyumbani."

"Mmoja hakurudi. Mkanda uko wapi?"

"Nakala ya kazi niliitia kwenye jiko, ikawaka mara moja. Huu..." Alivuta mtoto wa chini wa meza. Mkanda ulikuwa umefungwa kwenye taulo safi kama mkate. "Mikono ilikataa. Umewahi kuiona ile sehemu? Ni kitu bora kuliko vyote nilivyofanya."

Kapteni alimwomba simu. Kanali alisikiliza, akauliza kama haiwezekani kusema tu kwamba mkanda umepatikana na mambo yaishe hapo. Kwa nini kuleta habari za mtu aliyezama mwaka jana, na kamati ndiyo hiyo inakuja? Kapteni alijibu kwamba ripoti yake ya wizi lazima ieleze sababu ya wizi, na sababu ya wizi ni mtu mwenye jina. Kanali akasema, basi leta ushahidi kwamba aliyezama ni huyo. Ndugu wa damu amtambue, kwa maandishi, leo. Bila hivyo, ile karatasi ya kuacha kazi inabaki pale pale.

Ilikuwa saa kumi kasorobo. Mkanda mama haupitishwi kwenye mashine ovyo, usije ukakwaruzwa. Zamfira aliwasha meza ya kioo yenye taa chini yake, akavaa glavu nyeupe za pamba, akaanza kuuvuta mkanda kwa mkono, picha baada ya picha. Hakumuuliza Kapteni chochote kuhusu gari la saa kumi na moja. Paraschiva alisimama kando, amevua aproni, amefunga kitambaa upya. Kapteni alikuwa na fomu na kalamu.

"Hapa," alisema Zamfira. Akausimamisha mkanda. "Hapa, mama. Yule wa tatu kutoka kushoto." Akamwekea lenzi ya kukuzia.

Kikongwe aliinama. Taa ya meza ilimmulika uso kutoka chini. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, pumzi yake ikiweka ukungu kwenye kioo, na Zamfira akikifuta kwa kidole cha glavu.

"Ni yeye?" aliuliza Kapteni.

"Ni yeye. Masikio ya baba yake." Hakuinua kichwa. "Lakini ameota mvi."

Kapteni na Zamfira walitazamana. Kwenye mkanda mama cheusi huwa cheupe na cheupe cheusi. Watu wa studio wamelizoea jambo hilo kiasi kwamba hakuna aliyefikiria kumwonya. Ukungu wa mto ulikuwa mweusi kama masizi, nyuso za askari zilikuwa giza, na kichwa cha Ilarie Gâdea, kilichokuwa na nywele nyeusi tii, kiling'aa cheupe chote.

"Miaka ishirini na sita," alisema Paraschiva. "Aliogopa kiasi gani, mpaka kichwa kizima kikawa cheupe?"

"Mama, siyo mvi." Kapteni alisikia jinsi sauti yake ilivyochoka, akaichukia. "Ni mkanda ulivyo. Rangi zimegeuka. Nywele zake ni nyeusi vilevile, nakuapia."

Zamfira alikubali kwa kichwa, machozi yanamdondokea kwenye glavu. Paraschiva aliwatazama wote wawili kwa upole, kama wanavyotazamwa watu wazuri wanaosema uongo msibani. Kisha akaishika fomu kwa ncha za vidole, akaisogeza mbele ya Kapteni.

"Sawa, mwanangu," alisema. "Andika amekufa."